Ushahidi wa Mtani

Profesa wetu ana kipaji ambacho sijawahi kumnyima: anaweza kuingia kwenye nyumba iliyojaa watu wanaocheka, akatoka na sura nzima ya kitabu kuhusu majeraha.

Ninafundisha historia chuo kimoja naye. Kwa miaka kadhaa nilikuwa chini yake katika mradi uliochunguza, kwa maneno yake mwenyewe, utambulisho wa kidini na kumbukumbu ya umma katikati ya jiji. Kwa Kiswahili cha nyumbani maana yake ni nani Kariakoo ni Mwislamu, nani ni Mkristo, na mitaa inakumbuka nini juu ya jambo hilo. Ni swali zuri, na ningelipenda zaidi kama lingeulizwa na mtu anayesubiri jibu. Sisi tulifanya warsha. Tulikaa kwenye kumbi zenye kiyoyozi, tukala sambusa za saa nne, tukamsikiliza sheikh yuleyule na padri yuleyule wakitusifia amani yetu, halafu Profesa akasimama kutueleza kwamba chini ya amani hiyo kuna kovu. Akilitaja neno kovu huweka mkono kifuani. Wafadhili waliupenda sana mkono ule.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Bibi yangu, mzaa mama, alihamia hapa na mumewe kutoka Songea, wakajenga nyumba ya vyumba sita na ukumbi wa kupita katikati. Yeye alikuwa Mngoni na Mwislamu, kama wazazi wake. Kaka zake wawili walisomeshwa na misheni wakatoka Wakatoliki. Sitasema kwamba tuliishi kwa upendo na mshikamano, maana maneno hayo yana wenyewe na huyasema kwenye kipaza sauti. Tuliishi kwa kugombania bafu. Kaka zake Bibi wakija kula Pasaka nyumbani kwake, ugomvi ulianza kabla wali haujaiva, na ulihusu shamba la baba yao. Mungu hakutajwa ila wakati wa kuapa.

Na alikuwepo mtani. Lazima nimweleze huyu vizuri, maana kila kilichotokea kilipita kinywani mwake. Alikuwa mzee wa Kihehe, Mkristo, anakaa Gerezani, anauza spea za magari karibu na karakana za reli. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakabaki kutukanana, na matusi hayo ndiyo udugu wenyewe. Mtani ana ruhusa ya kukutukana ungali hai na wajibu wa kukutukana ukifa. Siku ya msiba wako yeye ndiye anayezuia jeneza mlangoni, anayevaa nguo zako na kuigiza mwendo wako, anayekusingizia mambo ambayo hata adui yako angeona aibu kuyasema. Akimaliza, waliokuwa wamekaukiwa machozi wanalia, na waliokuwa wanalia wanacheka, na mnaweza kwenda kuzika.

Yule mzee na Bibi walifanya kazi hiyo miaka yote. Alikuwa akipita barazani anamuuliza kama bado hajafa, naye Bibi anamuuliza kama mbwa wa Gerezani bado wapo au amekwisha kuwala wote. Kisha wanakunywa kahawa.

Bibi alifariki alfajiri moja, na ilipofika baada ya sala ya Alasiri wanaume waliingia kumtoa. Wenzangu wa chuo walikuwa wamekuja kunipa pole, Profesa akiwa mbele yao. Mzee wa Kihehe alikuwa amejilaza kwenye kizingiti cha mlango, amevaa kanga ya Bibi juu ya suruali. Wabeba jeneza wakasimama. Akainuka, akachechemea kama Bibi alivyochechemea, mkono kiunoni, akaanza.

"Mnampeleka wapi huyu? Kwenye makaburi ya Waislamu? Niulizeni mimi! Huyu alibatizwa. Rozari yake ameificha kwenye pipa la mchele. Ramadhani nzima alikuwa anajifungia chooni anakula, na Krismasi ananinyang'anya kitimoto mdomoni. Mrudisheni ndani, kwanza akatubu kwa padri!"

Ukumbi ulilipuka. Mama mkubwa wangu, dada yake mama yangu, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa sauti, alicheka mpaka akashikiliwa, na katikati ya kicheko ndipo kilio kilipomtoka. Imamu wa mtaa aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Mzee alidai kuku wa kumfungulia njia, akapewa. Kabla ya kuondoka mlangoni alisikia mtu akimtaja Profesa kwa jina la ukoo wake, jina la Kihehe lisilofichika. Akamwita ndugu yangu, njoo unisaidie kuziba mlango, hawa Wangoni ni wengi. Profesa akasema hapana, amekuja kushuhudia tu. Simu yake alikuwa ameinyoosha mbele, inarekodi.

Niliiona simu ile. Nikadhani anachukua kumbukumbu kama watu wote siku hizi, wanaopiga picha hata sahani ya msibani.

Kitabu kilitoka baada ya muda mrefu kidogo, na katika sura kuhusu imani za siri za Kariakoo nikamkuta Bibi. Hakutajwa jina. Profesa ni mtu wa maadili ya utafiti, hataji majina. Alitaja mtaa tu. Akataja kwamba ni nyumba ya mwisho ya zamani iliyobaki kati ya maghorofa, yenye mlango wa kijani, na kwamba mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kingoni aliyechechemea. Halafu akaandika kwamba jirani wake wa karibu alishuhudia hadharani, mbele ya jeneza, kuwa marehemu alibatizwa na aliishi maisha yake yote akiificha rozari kwenye chakula. Wanaukoo, aliongeza, walipokea ushahidi huo kwa "mchanganyiko wa vicheko vya woga na kilio". Vicheko vya woga! Nimesoma vitabu vingi vya uongo maishani mwangu, na vingi ni vizuri, lakini hicho kilikuwa na tanbihi.

Nilikwenda ofisini kwake. Nilimkuta ameketi chini ya kinyago na picha yake akipokea tuzo. Nikamwambia yule si shahidi, yule ni mtani. Nilitegemea aone haya, maana kosa la namna hiyo angelifanya mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Hakuona haya hata kidogo. Alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa kuelewa.

"Najua ni utani," akasema. "Ndiyo hoja yangu. Utani ndipo jamii inapohifadhi ukweli isioweza kuusema."

Nikamuuliza kama na watani wa kwao wakisema mambo juu ya baba yake atayaandika vilevile. Alicheka. Akasema yeye amekulia kwenye nyumba za serikali kando ya bahari, hana mambo ya kikabila hayo, yeye ni mtu wa mjini. Aliposema hivyo alikuwa anatazama saa.

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini nitamtendea haki: hoja yake si ya kijinga. Wapo watani waliowahi kusema kweli kwa kisingizio cha mzaha. Ila mtu anayetaka kujua kama hii ni kweli huuliza. Angeuliza mtu yeyote kwenye baraza lile, angeambiwa kwamba Bibi alifunga Ramadhani hata alipokuwa mgonjwa, mpaka kaka yake Mkatoliki alimfuata kumkemea ale. Profesa hakuuliza kwa sababu jibu lingemharibia sura. Nilijiondoa kwenye mradi siku hiyohiyo, na chuo hakikutetereka.

Kama kitabu kingebaki chuoni nisingeandika haya. Vitabu vyetu huko vinakufa kwa amani. Lakini Profesa alitaka kumbukumbu ya umma, na umma anaujua uko wapi, kwa hiyo alikizindua kwenye ukumbi wa Kariakoo penyewe. Sheikh alikuja, padri alikuja, amani ikasifiwa, kovu likaguswa. Mtu mmoja akaupiga picha ukurasa wenye mlango wa kijani, na kabla ya magharibi picha ile ilikuwa imeshafika kwenye simu za wanawake wote wanaosoma darasa la Qur'ani kwa Mama mkubwa.

Mama mkubwa ndiye aliyebaki kwenye nyumba. Kila mwaka mwezi wa Shaabani alimsomea mama yake khitma. Wanawake wa mtaani walijaa ukumbini, wakagawana juzuu, wakasoma, wakaomba dua, wakala pilau. Hilo ndilo jambo alilokuwa akiishi kwa ajili yake. Ana sukari, macho yanamfifia polepole, hana mtoto. Aliniambia mara nyingi kwamba mtu akifa hana kitu kinachomfikia ila dua, na kwamba yeye kazi yake duniani ni kuhakikisha mama yake hakosi.

Mwaka ule wa kitabu alipika kama kawaida. Wakaja wanawake wachache, wale wa nyumba za karibu ambao kutokuja kwao kungeonekana. Mama mmoja wa ukoo wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa nyumba ya tatu, ambaye ndiye huongoza dua, alituma ujumbe kwamba ana mafua. Mafua hayo yalienea mtaa mzima. Baadaye tulisikia kwamba mtu amemuuliza sheikh kama inafaa kumsomea khitma marehemu mwenye mashaka, na sheikh, kwa busara zake zote, akajibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Jibu hilo likatafsiriwa kuwa hapana.

Jioni tulikaa na masufuria. Mama mkubwa aliyafunika moja moja.

"Wamemfukua mama yangu," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo mengi juu ya vyanzo vya historia. Nikaosha vyombo.

Mzee wa Kihehe alipopata habari alikuja akiwa amevaa koti. Sikuwahi kumwona na koti. Alizunguka mtaani nyumba kwa nyumba, akiwaambia kwamba yale ya mlangoni yalikuwa utani, kwamba Bibi alikuwa Mwislamu kuliko wao. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha wakasemezana kwamba mzee wa watu anajaribu kusitiri, mbona imeandikwa, profesa mzima hawezi kuandika kitu hivihivi. Aliposema uongo, wote walijua ni uongo, na aliposema kweli wakaona anaficha. Ndicho alichofanikiwa Profesa. Nilimtazama mzee akirudi Gerezani na koti lake mkononi na nikaona uchungu ambao nautaja hapa kwa jina: nilimchukia Profesa.

Baada ya hapo mzee hakumtania mtu. Akipita barazani alisema tu habari za leo. Mama mkubwa alimtupia maneno ya mbwa mara moja, mara mbili, naye akatabasamu akaendelea na safari.

Alifariki mwaka uliofuata, masika, maji yakiwa yamejaa bonde la Jangwani na ndugu zake wa Magomeni wakichelewa kwa kuzunguka. Kwake msiba ulikuwa wa kisasa. Binti yake mkubwa, mhasibu, alikodi turubai, viti vyenye vitambaa, na mshereheshaji mwenye suti. Kulikuwa na kamera ya kuwarushia ndugu walioko nje. Tulipofika, binti yule alimshika Mama mkubwa mkono, akamwamkia shikamoo, akamwomba kwa upole kwamba leo tusifanye mambo ya utani. Baba amesemwa vya kutosha kwenye kile kitabu, alisema, na Profesa mwenyewe yupo, amekuja kumuaga. Afadhali azikwe kwa heshima.

Mama mkubwa akasema marahaba, mwanangu, akakaa.

Profesa alikuwa safu ya mbele. Mshereheshaji alimtambulisha kama rafiki wa marehemu, akapewa kipaza sauti. Alisema kwamba mzee huyu alikuwa hazina, alikuwa maktaba inayotembea, na kwamba ujasiri wake wa kusema ukweli umeandikwa na hautafutika. Mkono ulikuwa kifuani. Nyuma yetu walikaa wanawake kadhaa wa darasa la Mama mkubwa, mama wa duka la vitambaa akiwa mmoja wao. Mzee alikuwa jirani wa wote. Walisikiliza maneno yale wakitazama chini, na mimi nilimtazama Mama mkubwa. Maneno yakiishia hapo, jeneza likatoka kimya, basi yameshakuwa kweli. Nani angeyakanusha tena, na mwenye kinywa amekufa?

Vijana walipoliinua jeneza, kiti cha Mama mkubwa kilikuwa kitupu. Alikuwa amefika mlangoni kwa kupapasa ukuta, amelivaa koti la mzee kutoka kwenye msumari, mikono imemfunika vidole. Akajilaza kizingitini. Mtu mzima, mgonjwa, kwenye saruji yenye matope ya viatu.

Mshereheshaji alisema jamani mama. Binti wa marehemu alifumba macho.

"Hapiti mtu," Mama mkubwa akasema akiwa palepale chini. "Mnampeleka wapi huyu Mwislamu? Nyie hamjui. Huyu ndiye muadhini wetu. Miaka yote anakwenda kanisani, kofia iko mfukoni. Aliniomba nimsilimishe nikakataa, maana amekula mbwa wa Gerezani wote, maji ya kumtoharisha yangetoka wapi? Usiku huu ndio wa kwanza mbwa watalala usingizi."

Sauti ya kwanza ya kicheko ilitoka nyuma. Ilikuwa ya mama wa duka la vitambaa. Alijiziba mdomo kwa mtandio, haikusaidia, na wenzake wakamfuata. Kisha wakacheka wajukuu, wakacheka waimbaji wa kwaya, na binti wa marehemu, mhasibu, akamkumbatia kaka yake akalia kwa sauti kama mtu aliyefunguliwa kamba. Profesa, sina budi kusema, alikuwa ametoa simu.

Mama mkubwa aliinuka akisaidiwa. Macho yake hayaoni mbali, lakini alimtafuta kwa sauti aliyokuwa ameisikia kwenye kipaza sauti, akaelekeza uso huko.

"Baba, umeandika hayo? Andika. Marehemu alikuwa Mwislamu kwa ushahidi wangu, kama mama yangu alivyokuwa Mkristo kwa ushahidi wake. Halafu andika na hili: mama yangu alizikwa na mtani wake, na huyu namzika mimi. Wewe utazikwa na nani?"

Hakukuwa na kicheko hapo. Profesa alitabasamu lile tabasamu la warsha, akaitia simu mfukoni. Mama mkubwa alidai kuku wake, akaletewa, akatoka mlangoni.

Shaabani ilipofika alipika tena, kwa shaka, sufuria ndogo. Wanawake walikuja mpaka viatu vikajaa barazani na tukaazima sufuria kwa jirani. Mama wa duka la vitambaa aliongoza dua na kulitaja jina la Bibi pamoja na jina la baba yake, kwa sauti iliyosikika barabarani. Hakuna aliyeomba radhi. Walikula, wakasifu pilau, wakasema mafua ya mwaka jana yalikuwa mabaya. Mama mkubwa akasema ndiyo, mabaya sana.

Profesa aliendelea kupaa. Kitabu kilitolewa mara ya pili, Bibi bado yumo, rozari bado ipo kwenye mchele. Tulikutana kwenye korido, tukaamkiana.

Kisha mchana mmoja akanipigia simu. Nilidhani ni mambo ya mitihani. Baba yake alikuwa amefariki, yule mzee wa nyumba za serikali, na watu walikuwa wamejaa uani, mawaziri wastaafu, magari, maua. Hakuna anayesema kitu, aliniambia. Wamekaa tu.

"Mzee aliomba kabla hajafa," akasema. "Alisema asizikwe kimya. Hivi... sisi watani wetu ni akina nani?"

Nilikuwa na majibu mengi yaliyokaa mdomoni miaka yote hiyo. Ningeweza kumwambia atafute kwenye kitabu chake, au amuulize mtoa taarifa. Nimeyafikiria tena tangu siku ile, na mengine bado ni matamu.

"Ni sisi," nikamwambia.

Mama mkubwa alikuwa anachambua mchele kwenye ungo kwa vidole, kwa kuwa macho hayamsaidii. Nilipomweleza aliuweka ungo chini, akajifunga kanga ya pili, akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema simjui, nasikia alikuwa mtu mwema.

"Basi tutamtukana vizuri," akasema, akapapasa kutafuta viatu vyake. "Ila mwambie mwanawe azime simu."